Kwa nini chungu cha wanafunzi huvunjika wiki ya saba?

#1 Mwiko_wa_Tudor

Salaam wanauzi. Swali langu ni moja, na ningependa lijibiwe na watu wanaozijua ploti, yaani nyumba za kupanga, za wanafunzi kwa ndani.

Kila muhula hapa Mombasa, kuanzia Tudor na Makupa hadi Majengo na Kisauni, mambo huenda vilevile. Wiki ya kwanza watu 6 wanachanga chungu kimoja, yaani wapike na kula pamoja. Wananunua mchele, unga, mbaazi, mafuta na vitunguu, wanabandika ratiba ya zamu nyuma ya mlango. Ijumaa ya kwanza wali wa nazi, sinia moja, mikono 6. Wiki ya nne nyanya zinaanza kuhesabiwa. Ikifika wiki ya saba ratiba ingali mlangoni lakini hakuna anayeitazama, kila mtu na kisufuria chake, na wengine wamehamia kula kwa kibanda.

Muhula una wiki 14 hivi kabla ya mitihani. Kwa nini chungu hakivunjiki wiki ya tatu? Au ya kumi? Ile ya saba ina nini?

Ili tuzungumze kitu kimoja, vipimo vya watu 6 ni hivi: sima, pakiti ya unga ya kilo 2 ni milo miwili, labda na kibonge cha kubaki. Wali, kilo 1 kwa mlo, hakuna kinachobaki. Mbaazi au maharagwe makavu, nusu kilo kwa mlo. Mafuta ya kupikia, lita 1 kwa wiki kama hakuna anayekaanga viazi usiku. Vitunguu kilo 2 na nyanya kilo 3 kwa wiki. Anayesema vipimo ni vingine aseme.

#2 DafuMoja

Pesa tu, ndugu. Ya mkopo ikiingia chungu kinanenepa, ikichelewa kinakonda. Wiki ya saba ndipo ile ya nyumbani waliyokuja nayo imekwisha na ya pili haijaonekana. Hakuna fumbo hapo.

#3 BintiMajengo

@DafuMoja ingekuwa pesa, chungu kingevunjika vyumba vya wasio na kitu na kubaki vyumba vya wenye nacho. Havitofautiani. Chungu huvunjwa na vyombo vichafu.

Tazama ratiba zinavyoandikwa. Nyingi zinasema "Jumatatu: fulani", basi. Fulani huyo aende sokoni, achambue mchele, apike, apakue, kisha aoshe sufuria 2, sinia, mwiko, upawa na vikombe 6, saa tatu usiku, kwa maji ya kuteka. Zamu ya namna hiyo inabebeka mara tatu au nne. Kwa watu 6 zamu humrudia mtu kila siku ya sita, kwa hiyo mara ya saba inaangukia siku ya 37 hadi 42. Hiyo ni wiki ya sita. Hapo mtu ameshaanza kutafuta sababu ya kuchelewa maktaba.

Dawa yake ni kugawa zamu vipande viwili: aliyepika haoshi. Na aliyepika leo ndiye anayeosha keshokutwa, si kesho, apate siku moja ya kupumua.

#4 FundiMeko

Nyote mmeikaribia lakini mmeipita. Ni gesi. Nitawahesabia.

Kichwa cha kawaida cha meko, yaani jiko dogo la gesi, kikiwashwa moto mkubwa kinakula takriban gramu 200 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 ukigawa kwa hapo ni saa 30. Chungu cha watu 6 kinachopika chai asubuhi na mlo mmoja mkubwa jioni kinatumia saa moja na nusu kwa siku. 30 gawa kwa 1.5 ni siku 20.

Mtungi wa kwanza kwa kawaida huja umejaa tangu siku ya kuhamia, hakuna anayeulalamikia. Unaisha siku ya 20. Wa pili unachangiwa bila kelele kwa sababu watu bado wana kitu, unaisha siku ya 40. Siku ya 40 ni wiki ya sita ikielekea mwisho. Mtungi wa tatu ndio mtihani. Ndio wa kwanza unaomkuta kila mtu mfuko mtupu, na hauwezi kununuliwa nusu. Unga unaweza kununua kilo moja, vitunguu viwili, mafuta ya kupimiwa. Gesi ya mtungi wa kubadilisha ni yote au hakuna. Chungu kinavunjikia hapo.

#5 Kifumbu

Hesabu safi @FundiMeko, ila saa moja na nusu ni ya anayepika wali na mchicha tu. Umesahau mbaazi. Mbaazi kavu zisizolowekwa zinataka saa moja na nusu mpaka mbili peke yake. Zikilowekwa usiku, dakika 45 hadi saa moja. Maharagwe ni zaidi ya hapo. Ukipika nafaka kavu mara 3 kwa wiki bila kuloweka, mtungi wako hauoni siku ya 20.

Kuloweka nako kuna adabu yake hapa pwani. Joto letu ni jingine. Mbaazi zikilala zaidi ya saa 10 au 12 ndani ya maji yaleyale zinatoa povu na kuanza kuchacha, hasa miezi ya kaskazi. Loweka saa nne usiku, asubuhi mwaga maji, suuza mara mbili, weka mapya. Ukienda darasani bila kubadilisha, ukirudi saa kumi chumba kizima kinanuka.

#6 Tone_la_Mzima

Kuna jambo halijaguswa. Maji. Mtu wa Tudor anayepikia maji ya mfereji na mtu wa Kisauni anayepikia maji ya kisima hawapiki mbaazi moja. Ya mfereji huja kutoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Ya visima vya hapa mjini ni ya chumvi na chokaa, na chokaa ndiyo inayoyafanya maganda ya mbaazi na maharagwe yawe magumu. Unachemsha mpaka gesi inakwisha, punje ingali inagonga jino.

Kama huna budi, tumia maji ya kisima kuoshea, ya kulowekea na kupikia tafuta jerikani moja ya maji matamu. Magadi kidogo husaidia, robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo. Ukizidisha, mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni na hakuna nazi itakayouokoa. Nyanya zingoje mpaka punje ziwe laini. Nyanya ina uchachu, na uchachu nao unaigandisha punje.

#7 DafuMoja

@Kifumbu @Tone_la_Mzima nimesoma yote. Lakini gesi inanunuliwa kwa nini jamani? Kwa pesa! Mmenizunguka mkarudi kwangu.

#8 FundiMeko

@DafuMoja hapana. Mchango ukiwa mdogo wa kila wiki, wa mtungi ukitengwa tangu wiki ya kwanza, watu walewale wenye pesa ileile wananunua mtungi wa tatu bila shida. Gawa bei ya mtungi kwa wiki 3, kisha kwa watu 6, ndiyo sehemu ya kila mtu kila Jumapili. Kilichokosekana ni mpango. Na pesa hiyo isikae kwa yule anayenunua mboga, maana itageuka mboga. Wanaofanya vizuri wana watu wawili: mmoja wa soko, mmoja wa mtungi.

#9 Nahodha_Likoni

Nyote mnazungumza kama kwamba watu 6 hao wanafika nyumbani kwa wakati mmoja. Wiki ya sita na ya saba ndizo za CAT za kwanza, yaani majaribio ya katikati ya muhula. Hapo ndipo saa zinapotawanyika. Mmoja ana jaribio saa kumi na moja jioni, mwingine yuko maabara, wa tatu amekwama kwenye kikundi cha kazi. Chakula kikiiva saa moja kinaliwa saa moja, saa mbili, saa tatu unusu. Mwenye saa tatu unusu anakuta wali mkavu na mchuzi wa kukwangua. Afanyiwe hivyo mara tatu, anajitoa.

Anayevuka feri ndiye mwenye hasara kubwa. Feri ya Likoni kwa mtembea kwa miguu ni bure, lakini foleni ya jioni haina ahadi. Kwa hivyo vyungu vyenye mtu wa Likoni au Mtongwe vina desturi ya kupakua fungu lake KABLA ya sinia kushuka. Linatolewa kwanza, kwenye bakuli la mfuniko, juu ya sufuria ya maji moto. Ukisema "tutambakizia", hatabakiziwa. Mnajua wenyewe mkono unavyokwenda.

#10 BintiMajengo

@Nahodha_Likoni hili la fungu la kwanza ni kweli tupu. Tena lipakuliwe na mtu ambaye hakupika. Mpishi akipakua, hulipima kwa njaa yake.

#11 Mzee_wa_Politekniki

Vijana, mnatafuta sababu karibu sana. Tangu chuo hapo Tudor kilipoanza mwaka 1972, wanafunzi walikula kwenye ukumbi wa chuo, kwa wakati mmoja, kwa kengele. Hakukuwa na chungu cha kuvunjika. Chungu cha ploti ni kitu cha wingi wa wanafunzi kuzidi vitanda. Watu 6 wasiojuana wanakutana kwenye chumba cha nyumba ya Kiswahili, jiko liko uani, choo kimoja, na mnataka wale pamoja wiki 14? Wiki ya saba ni muda mrefu. Mimi nashangaa wanafika.

#12 Kifumbu

Shikamoo mzee. Marekebisho madogo: 1972 ndipo kilipopewa jina la Mombasa Polytechnic. Majengo yale ya kwanza yenye kuba ni ya MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), chuo cha ufundi kwa Waislamu kilichochangiwa na Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, kabla ya uhuru. 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, 2013 kikapata hati ya kuwa Technical University of Mombasa.

#13 Mzee_wa_Politekniki

Marahaba. Umenisahihisha vyema, nilihesabu kutoka kwenye jina. Hoja ya kengele bado inasimama.

#14 Mgeni_wa_Meko

Habari zenu. Ni wa mwaka wa kwanza, zamu ya Ijumaa ni yangu na wote wanataka wali wa nazi. Kwenye meko unashika chini, juu mbichi. Nyumbani ulipikwa kwa makaa. Kosa liko wapi?

#15 Kifumbu

@Mgeni_wa_Meko kosa ni kwamba nyumbani moto ulikuwa chini NA juu. Wali wa makaa hupaliwa, yaani makaa yanawekwa juu ya mfuniko. Kwenye meko huna cha kupalia, na moto wote umekusanyika kwenye duara dogo katikati ya kitako. Fanya hivi, kwa watu 6:

Mchele kilo 1, ambao ni vikombe 5 hivi vya mililita 250. Chambua, osha mpaka maji yaache kuwa meupe, loweka dakika 20, chuja. Nazi 2 kubwa zilizokomaa, ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Zikune kwa mbuzi, na usikune mpaka ukafikia kifuu, zile chembe za kahawia zinachafua tui. Kikombe na nusu cha maji ya vuguvugu, kamua kwenye kifumbu, upate tui zito vikombe 2. Weka kando. Ongeza maji kwenye machicha, kamua tena mara mbili, upate tui jepesi vikombe 6.

Tui jepesi na chumvi vijiko viwili vya chai kwenye sufuria ya lita 5 au 6, chini kuwe kuzito. Likichemka tia mchele, koroga mara moja. Moto wa kati, bila mfuniko, mpaka tui lishuke lilingane na mchele na uone vitundu juu. Sasa mimina tui zito, geuza taratibu kutoka pembeni, punguza moto mpaka chini kabisa.

Hapa ndipo unapookoka: chukua chuma cha chapati, kiweke juu ya meko, sufuria ikae juu ya chuma. Moto unatawanyika kitako kizima. Funika, juu ya mfuniko weka kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha kitu kizito ili mvuke usitoroke. Dakika 20. Usifunue kuchungulia. Zima, uache dakika 10 nyingine.

Tui zito ukilitia mwanzo ndilo linaloshika chini, kwa sababu mafuta na sukari ya nazi vinaungua kabla mchele haujanywa maji.

#16 Sinia_Moja

Naongeza kwa @Mgeni_wa_Meko: uliza mchele ni mpya au wa zamani. Mchele uliokaa ghalani unakunywa maji zaidi. Mpya ukiupa vikombe 8 unapata bokoboko, anza na 7.

@Kifumbu sikubaliani na "mfuniko wazi mpaka vitundu". Hiyo ni gesi inayoruka dirishani. Funika nusu.

#17 Kifumbu

@Sinia_Moja ukifunika nusu tui linafura na kumwagikia kichwa cha meko. Utaokoa gesi ya dakika 5 uharibu meko ya wiki nzima.

#18 FundiMeko

Hapo @Kifumbu yuko sahihi, na ndipo gesi ya wengi inapopotelea. Tui au povu la maharagwe likimwagikia kichwa, linaziba vitundu. Moto unageuka kutoka buluu kuwa wa njano. Dalili ni sufuria kuwa nyeusi chini. Sufuria ikitoa masizi, gesi yako haiungui yote. Zima, acha kipoe, ondoa kifuniko cha kichwa, osha kwa maji moto na sabuni, zibua vitundu kwa waya mwembamba au pini, kausha KABISA kabla ya kurudisha.

Na kwa kuwa tumefika hapo, tafadhali wasome hata wasiopika:

Ukibadilisha mtungi uombe upimwe kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa muhuri kwenye mtungi wenyewe, juu, karibu na mshikio. Toa uzito huo kwenye jumla, kinachobaki ndicho gesi. Kiwe kilo 6. Ukinyamaza utanyamaziwa.

Kabla ya kuwasha, paka povu la sabuni kwenye maungio. Viputo vikifura, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti hata siku moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya sakafuni, kwa hiyo mtungi usiwekwe chini ya kitanda wala kwenye kona isiyo na upepo. Usimame wima, karibu na mlango. Ukisikia harufu ya yai viza usiguse swichi ya taa, kuwasha wala kuzima. Fungua mlango, funga valvu, toka.

#19 Mgeni_wa_Meko

Asanteni sana. Chuma cha chapati kipo, sikukifikiria kabisa. Na wanaotumia koili ya umeme je? Kuna anayesema ni rahisi.

#20 FundiMeko

Koili ya wati 1,000 inakula yuniti 1 kwa saa. Maharagwe ya saa 2 ni yuniti 2. Kwenye ploti yenye mita moja na tokeni za kuchangiana, mpika koili mmoja anawalisha hasara vyumba vingine 5, na ugomvi wa tokeni ni mkali kuliko wa sinia. Bweni za chuo nyingi zinazikataza kwa sababu ya nyaya: soketi ya chumba ikibeba koili, pasi na kompyuta kwenye waya mmoja wa kurefushia, waya unayeyuka ukutani usione.

#21 Kanga_Mbili

Nimesoma mpaka hapa na sijaona wageni wakitajwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye vyungu vya wanafunzi jembe halitolewi. Rafiki wa fulani anakuja Jumanne "kusoma", Alhamisi yuko, Jumamosi ana kikombe chake. Kilo 1 ya watu 6 ni gramu 167 hivi kwa mtu. Wakiwa 8 ni 125. Kila mmoja anaondoka na njaa kidogo, hakuna anayejua kwa nini, lawama inamwangukia mpishi.

Kanuni inayofanya kazi: mwenye mgeni anaongeza kipimo chake cha mchele sufuriani siku hiyo. Si pesa, mchele. Anakuja nao mkononi. Hakuna aibu na hakuna hesabu.

#22 Sinia_Moja

@Kanga_Mbili kwetu pwani kumwambia mgeni aje na mchele ni vigumu kidogo.

#23 Kanga_Mbili

Haambiwi mgeni. Anaambiwa mwenyeji wake. Soma tena, dadangu.

#24 Ukoko_Halali

Niulize kitu kidogo ila kizito: ukoko ni wa nani? Kuna vyumba ukoko ni wa mpishi, kuna vyumba ni wa muosha sufuria.

#25 BintiMajengo

Wa muosha. Hilo halina mjadala. Mpishi ameonja kuanzia tui la kwanza. Muosha amepewa sufuria iliyoshika chini, ukoko ndio ujira wake. Tena ukiwa wake, anaukwangua mpaka mwisho na sufuria inatoka safi.

#26 Nahodha_Likoni

Wa mpishi. Ukoko mzuri ni ustadi: wa rangi ya dhahabu, unang'oka kipande kimoja kama mkate, haunuki moshi. Ukimpa muosha, mpishi hana sababu ya kuangalia moto. Ukiwa mweusi, basi aupewe muosha.

#27 Ukoko_Halali

Kwa hiyo mweusi ni wa muosha, wa dhahabu ni wa mpishi. Muosha kaumia kweli.

#28 Tone_la_Mzima

Wakati mnagombea ukoko, kuna hatari imepitwa: kiporo. Wali wa nazi uliobaki saa tatu usiku ukaachwa kwenye sufuria mpaka asubuhi, kwa joto letu, usiliwe. Wali uliopikwa ukikaa kwenye vuguvugu unaota bakteria wanaoacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Watu wanaupasha asubuhi kwa chai wakidhani moto umeua kila kitu, saa nne wanatapika darasani. Kama hakuna friji, pika kipimo cha kumalizika. Mlo wa kubakiza uwe sima. Kibonge kikavu cha sima kinavumilia asubuhi, wali wa nazi hauvumilii.

#29 Adhana_ya_Magharibi

Nina ushahidi unaowapinga karibu wote. Ramadhani. Muhula unaoangukia Ramadhani, vyungu havivunjiki. Watu walewale, pesa ileile, mtungi uleule, vyombo vingi zaidi, maana kuna futari na kuna daku. Hata wasiofunga wanajiunga. Viazi vitamu vya nazi, mihogo, kaimati, uji wa pilipili manga, tende, kila kitu kinaiva kwa wakati.

Tofauti ni moja: saa. Magharibi ya Mombasa mwaka mzima haitoki kwenye ile nusu saa ya baada ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Hakuna anayesema "nitachelewa kidogo". Adhana ikitoka, sinia liko chini na watu wamelizunguka. Mzee alisema kengele. Ni hiyohiyo.

#30 Mzee_wa_Politekniki

Nilisema.

#31 DafuMoja

@Adhana_ya_Magharibi Ramadhani jirani analeta sahani, msikiti una futari, nyumbani wanatuma. Chakula kinaingia kutoka nje. Ondoa hizo sahani za jirani halafu tuone chungu kama kitafika Idi.

#32 Adhana_ya_Magharibi

Sahani za jirani ni nyongeza, sambusa mbili tatu. Hazilishi watu 6. Tena mwezi unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo umewahi kuangukia mwanzo wa muhula, katikati na mwisho. Kila ulipoangukia, chungu kilisimama.

#33 BintiMajengo

Na Ramadhani nani anaosha vyombo? Wote, kwa pamoja, kabla ya kwenda tarawehe. Nimerudi kwenye hoja yangu kwa mlango wa nyuma.

#34 Soko_la_Alfajiri

Mimi ni wa upande wa soko. Vyungu vingi vinaoza kabla ya kuvunjika, yaani chakula kinaharibika ghalani. Unyevu wa pwani si wa bara. Wanaonunua vitu vya mwezi mzima kwa pamoja wakiona wamebana matumizi, ikifika wiki ya tano unga una wadudu, maharagwe yana fukusi, na chumvi imekuwa jiwe.

Nunua unga wa wiki moja tu. Mchele na maharagwe wiki 2, kwenye kopo au ndoo yenye mfuniko unaobana, si kwenye mfuko wa karatasi sakafuni. Kila Jumamosi mwaga kwenye sinia, anika juani kwa saa 2, wadudu wanatoka wenyewe, pepeta, acha vipoe ndipo urudishe. Ukifunika vingali moto, jasho linavirudishia unyevu. Chumvi tia punje kumi za mchele ndani ya chupa.

Soko la Kongowea nenda mapema, kabla jua halijapanda. Nyanya chukua nusu zilizoiva na nusu za rangi ya chungwa, uzitandaze, zisirundikwe. Ya chini ikipasuka, tatu zinaoza usiku mmoja. Vitunguu vining'inizwe kwenye neti. Visikae kapu moja na viazi, vyote vitachipua. Nazi chukua 2 tu, tena siku ya kupika au moja kabla.

#35 Kifumbu

@Soko_la_Alfajiri na ukichelewa mpaka saa nne, unalipia kivuli. Naongeza njia ya kupunguza gesi ambayo haijatajwa: blanketi. Maharagwe yaliyolowekwa, yachemshe kwa nguvu dakika 20 kamili, mfuniko umefunga. Zima, zungushia sufuria gazeti, kisha blanketi nzito, uiweke kwenye karai au kikapu kilichojaa nguo. Saa 3 baadaye rudisha motoni dakika 15. Umetumia dakika 35 badala ya saa na nusu. Zile dakika 20 za mwanzo usizipunguze, maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayosokota tumbo.

#36 Mwiko_wa_Tudor

Shukrani nyote. Nimeandika pembeni: gesi, vyombo, saa, wageni, pesa, unyevu. Kila moja inafika wiki ya sita au ya saba kwa njia yake, na hilo ndilo linalonitatiza. @FundiMeko, ploti zenye makaa uani hazina mtungi wa tatu. Mbona nazo huvunjika wakati uleule?

#37 FundiMeko

Makaa nayo wengi huyanunua kwa gunia au nusu gunia, hesabu ni ileile. Na muhula wa Septemba, wiki ya saba ndiyo vuli zinapoanza kunyesha. Ua unalowa, hakuna pa kupikia.

#38 Nahodha_Likoni

Na muhula wa Januari je? Wiki ya saba ni jua kali, ua mkavu kama sinia. Bado vinavunjika. Ni majaribio, bwana.

#39 Kanga_Mbili

Kabla hamjaanza upya: kikishavunjika, vyombo vinagawanywaje? Sufuria kubwa ilichangiwa na watu 6. Kwingine wanapiga kura ya vijiti, kwingine inabaki chumbani kwa watakaoingia.

#40 BintiMajengo

Ibaki chumbani, na chuma cha chapati pia. Anayetaka kuchukua awalipe wengine 5 sehemu zao. Kinachochukuliwa na mwenyewe bila kura ni mbuzi ya nazi, maana mara nyingi ililetwa kutoka nyumbani na mama mtu atauliza.

#41 Mgeni_wa_Meko

Nimerudi. Wali umetoka, chuma cha chapati kimefanya kazi. Nilitia tui jepesi vikombe 6 na zito 2, mchele ulikuwa mpya, umekuwa laini kidogo. Ukoko wa dhahabu, kipande kizima. Muosha ameshauchukua.

#42 Sinia_Moja

Wiki ijayo jepesi liwe 5.